Wezi wa Las Vegas wanajua kupanga kikosi

KWENYE vibanda umiza, benchi analokalia shabiki wa soka jioni ndilo analokalia mpenzi wa muvi mchana. Mara nyingi ni mtu yule yule. Si ajabu basi kwamba muvi za wizi wa kasino, zile zenye kundi la mastaa ndani ya kazi moja, hazichuji kwa watu wa mpira.

Wengi wanadhani utamu wake ni mkwanja. Wengine wanasema ni suti kali na taa za Las Vegas. Hapana. Utamu wake ni kikosi.

Ichukuliwe Ocean's Eleven ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Steven Soderbergh. Danny Ocean, anayeigizwa na George Clooney, anatoka jela akiwa na dili kichwani. Anataka kuiba zaidi ya dola milioni 150 kwenye chumba kimoja cha fedha kinachohudumia kasino tatu: Bellagio, Mirage na MGM Grand. Usiku wenyewe ni wa pambano la ngumi za uzito wa juu, na wanaopanda ulingoni ni Lennox Lewis na Wladimir Klitschko wenyewe, si waigizaji.

Kabla ya wizi kuna usajili. Karibu theluthi ya kwanza ya muvi ni Ocean na msaidizi wake Rusty, yaani Brad Pitt, wakizunguka kutafuta watu. Wakifika kumi, Ocean anajiuliza kama wanatosha. Anaona bado kuna pengo, anaongeza mmoja. Wanakuwa 11, namba ambayo shabiki wa soka haelezwi maana yake.

Hapo ndipo muvi hii inapowapiga bao nyingine nyingi za ujambazi. Hakuna anayesajiliwa kwa jina. Kila mmoja analetwa kwa kazi moja.

Mwanasarakasi, ambaye karibu muvi nzima anaongea Kichina tu, analetwa kwa sababu anaweza kujikunja ndani ya toroli la fedha, kisha akaruka bila kugusa sakafu inayopiga king'ora. Mtaalamu wa milipuko kazi yake ni kuzima umeme wa jiji. Fundi mitambo anashughulika na kamera za ulinzi. Mzee aliyekwisha kustaafu, Saul, anaigiza tajiri mwenye mzigo wa vito, kisha anajidondosha kama mtu aliyeshikwa na moyo ili walinzi wahangaike naye. Wapo hadi ndugu wawili wanaosukuma toroli na kubishana mbele za watu, ili macho yaende kwao.

Mtu akimtoa yeyote kati ya hao, dili linakufa. Atolewe Clooney au atolewe msukuma toroli, matokeo ni yale yale.

Na hili halikuishia kwenye hadithi. Julia Roberts alikuwa ametoka kubeba Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo huo wa 2001, kwa Erin Brockovich, muvi ya Soderbergh huyo huyo. Kwenye Ocean's Eleven akakubali nafasi ndogo. Matt Damon naye alikuwa tayari jina kubwa, akacheza dogo mwenye vidole vyepesi ambaye wakubwa hawajamwamini. Mastaa wakakubali kupunguza malipo yao ya kawaida ili wote waenee kwenye bajeti. Muvi ikaingiza karibu dola milioni 450 duniani.

Mwaka 2004 likaja toleo la pili, Ocean's Twelve. Mastaa wakaongezwa, akina Catherine Zeta-Jones na Vincent Cassel. Safari hii kuna sehemu ambayo Tess, yule mhusika wa Julia Roberts, anajifanya kuwa Julia Roberts, na Bruce Willis anatokea kama Bruce Willis. Utani ulichekesha, lakini jina lilikuwa limeshaanza kuchukua nafasi ya kazi. Mapato yakashuka hadi karibu dola milioni 363. Usajili mkubwa zaidi, matokeo madogo zaidi. Watu wa mpira wameiona hiyo mara ngapi?

Real Madrid waliicheza kwa vitendo mwaka 2003. Dirisha moja la usajili lilimleta David Beckham na kumwachia Claude Makélélé aende Chelsea. Aliyeletwa alikuwa sura ya mabango. Aliyeondoka alikuwa kiungo mkabaji, mtu wa kufagia mbele ya mabeki ili akina Zinedine Zidane na Luis Figo waupige mwingi. Msimu wa 2003/04 Madrid wakamaliza wa nne La Liga. Makélélé akabeba Ligi Kuu England mara mbili mfululizo, 2005 na 2006. Madrid walimuuza msukuma toroli wao, kisha wakashangaa fedha hazitoki kwenye chumba.

Anayebisha kwamba utamu wa muvi hizi si fedha, atazame zile za zamani. Ocean's 11 ya kwanza ni ya mwaka 1960, ikiwa na Frank Sinatra, Dean Martin na Sammy Davis Jr. Hao walikuwa wanarekodi mchana na kutumbuiza usiku kwenye ukumbi wa hoteli ya Sands, huko huko Las Vegas. Kwenye muvi ni askari wa zamani wa kikosi kimoja cha vita, wanaovamia kasino tano usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Wanafanikiwa. Kisha mwenzao mmoja anafariki, fedha zinafichwa ndani ya jeneza lake, na maiti inachomwa moto na fedha zote. Wanaondoka mikono mitupu. Na bado watu waliipenda.

Wafaransa nao walishafika huko. Kwenye Bob le flambeur ya Jean-Pierre Melville, mwaka 1956, mzee Bob anapanga kuvamia kasino ya Deauville. Anawapeleka vijana wake uwanjani, ramani ya kasino imechorwa kwenye nyasi, kila mmoja anaoneshwa pa kusimama. Hata kocha wa daraja la kwanza angesema hayo ni mazoezi ya mbinu. Lakini usiku wa mechi, Bob anakaa mezani kucheza kamari, anaanza kushinda, anasahau saa. Nahodha ameacha namba yake. Nje, kijana wake anapigwa risasi na polisi. Bob anatoka na furushi la fedha alizoshinda kihalali, na mtu wake amelala chini.

Wapo wanaosema muvi hizi zinafundisha wizi. Hoja hiyo ina uzito kidogo tu. Anayeibiwa ni kasino, nyumba ambayo imepangwa isishindwe. Kila aliyewahi kuchaniwa mkeka wake dakika ya 90 anajua utamu wa kumuona mwenye nyumba akilia japo mara moja.

Ila hapo hapo kuna jambo ambalo vijana wengi wa mikeka wanalipita. Hakuna anayeishinda kasino kwenye muvi hizi kwa bahati. Ocean na wenzake wanajenga chumba cha fedha cha mfano na kukifanyia mazoezi. Yule pekee aliyekaa mezani na kubahatika ni Bob, na bahati yake ilimgharimu kijana wake. Anayetoka kwenye muvi hizi akaenda kuweka nauli yake kwenye mkeka wa mechi 15 ameangalia picha bila kuielewa.

Mwisho wa ile ya 2001 hauna sherehe. Wezi wanasimama kimya mbele ya chemchemi za Bellagio, wanatazama maji yakiruka, kisha wanaondoka mmoja mmoja. Hakuna anayepiga kifua kwamba kazi ilikuwa yake.

Dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki watajazana mitandaoni wakidai majina. Viongozi nao, kwa kuogopa kelele, watawaletea majina hayo. Swali ambalo Ocean alilijibu kabla ya kumpigia yeyote simu ni dogo: huyu anakuja kufanya kazi gani ambayo waliopo hawaifanyi? Klabu isiyo na jibu haina haja ya kuandaa mapokezi uwanja wa ndege.