Rufiji ilifundisha dunia kuhesabu vifo, saratani ya utumbo bado haionekani

WILAYA ya Rufiji, ambayo Kibiti ilimegwa kutoka kwake katikati ya miaka ya 2010, ina nafasi ya pekee katika historia ya afya ya umma. Kati ya mwaka 1997 na 2004, Wizara ya Afya kwa msaada wa Canada iliendesha mradi wa TEHIP katika Rufiji na Morogoro Vijijini. Halmashauri zilipewa takwimu za magonjwa yanayoua wananchi wao, zikapanga bajeti kwa kuzifuata. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Funzo lilikuwa wazi: kinachohesabiwa ndicho kinachotengewa fedha. Lakini yako maradhi ambayo hayahesabiki mpaka yaonekane kwa kamera.

Mojawapo ni uvimbe sugu wa utumbo, unaojumuisha vidonda vya utumbo mpana na ugonjwa wa Crohn. Huu si ugonjwa wa kuambukizwa. Kinga ya mwili yenyewe huushambulia utumbo kwa miaka mingi, na majeraha hayo huweza kuzaa saratani. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2001 ulikadiria kuwa miongoni mwa wenye vidonda vya utumbo mpana, saratani huwapata asilimia 2 baada ya miaka 10 na asilimia 18 baada ya miaka 30. Tafiti za baadaye zimeonyesha viwango vya chini zaidi, lakini hatari ipo.

Ndiyo maana miongozo ya Ulaya na Marekani huelekeza kwamba mgonjwa ambaye uvimbe wake umevuka puru apimwe kwa kamera ya utumbo miaka minane tangu dalili za kwanza, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitano kulingana na hatari aliyonayo. Mwenye ugonjwa sugu wa mirija ya nyongo pia hupimwa kila mwaka tangu siku unapogunduliwa.

Hesabu hiyo huanzia kwenye tarehe, na hapo ndipo mkazi wa delta anapoachwa nyuma. Anayeharisha damu hupewa kwanza dawa ya amiba au ya kuhara damu. Ni uamuzi wa busara, kwa kuwa maambukizi ndiyo yaliyo mengi. Tatizo huja anaporudi mara ya tatu na ya nne, kila mara akihesabiwa mgonjwa mpya, wala hakuna aandikaye mwaka ambao damu ilianza.

Hata akipewa rufaa, safari si nyepesi. Kutoka Salale au Mbwera hutegemea mashua na maji kujaa, kisha kutoka mji wa Kibiti hadi Dar es Salaam, iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili, ni takriban kilomita 140. Kabla ya kipimo sharti anywe dawa ya kusafisha tumbo, akiwa karibu na choo na maji safi. Hayo hayafanyiki ndani ya mashua.

Wapo watakaouliza: kwa nini kamera, ilhali malaria na vifo vya wajawazito bado vipo? Jibu ni kwamba hapa hatuzungumzii kupima umma mzima, bali wachache wanaojulikana. Tena kamera hiyo hiyo humsaidia kila anayetokwa damu bila sababu kujulikana.

Hatua ya kwanza haihitaji mtambo. Zahanati iandike kwenye kadi tarehe ya dalili za kwanza, na kuharisha damu kunakozidi wiki nne kupewe rufaa badala ya dozi nyingine. Hatua ya pili ni ya serikali: utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ulihesabu kipimo hiki kuwa kinga kwa wagonjwa hao, usisubiri saratani ijitokeze.

Rufiji ilikwisha kuonyesha kwamba takwimu huokoa maisha. Lililobaki ni kuifikisha hesabu hiyo kwa mgonjwa ambaye leo anaandikwa kuwa ana "tumbo" tu.