Nani Anamlinda Nani Barabara ya Nzega?

Kwenye kijiwe cha kahawa pale Isevya kuna maneno yameanza kuzunguka pamoja na vikombe: "Hii gari inajiendesha yenyewe. Wewe unashika usukani kwa heshima tu." Mwaka huu anayeyasema ni shemeji yangu. Ndiyo kwanza karudi na gari lake kutoka bandarini Dar es Salaam, limetoka Japani, nailoni za viti hajazibandua. Waliokaa wanaitikia kwa kichwa. Habishi mtu, maana kahawa ya jioni kailipia yeye.

Mimi nabisha, ingawa nami nimeinywa.

Gari lenyewe halijasingiziwa. Subaru walitoa mfumo wao wa EyeSight, wenye kamera mbili zinazotazama mbele kama macho, mwaka 2008. Toyota walianza kutia mfumo wao wa usalama kwenye Corolla Axio na Fielder mwaka 2015. Hapa kwetu gari lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo mnunuzi hutafuta la karibuni kadiri mfuko wake unavyoruhusu, na ndivyo kamera na rada zilivyofika Tabora bila mtu kuziagiza. Tuliagiza gari dogo lisilokunywa mafuta, tukaletewa na msaidizi ndani yake. Kaja pamoja na yule mama wa Kijapani ambaye kila asubuhi ukiwasha gari anakukumbusha kuwa hujaingiza kadi. Ni kadi ya kulipia barabara za Japani, na hutaiingiza mpaka gari liuzwe chuma chakavu.

Vinavyosifiwa kijiweni ni vitu viwili. Kimoja ni kruzi inayopima umbali. Unapanga mwendo, tuseme 80, kisha rada iliyofichwa nyuma ya nembo ya mbele inamfuata aliyekutangulia: akipunguza unapunguziwa, akiondoka unaongezewa. Kingine ni kushika njia. Kamera iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele inasoma mistari ya barabara, na ukianza kuelea pembeni inalia, au inauvuta usukani urudi. Kruzi ya kawaida ni kongwe. Aliibuni Ralph Teetor, mhandisi wa Kimarekani aliyepofuka akiwa na miaka mitano. Husimuliwa kwamba alikuwa akipakiwa na wakili wake, ambaye akiongea gari linalegea, akinyamaza linachomoka, mpaka kipofu wa watu akachoka kutikiswa. Chrysler waliitia kwenye magari yao mwaka 1958. Mzizi wake, basi, ni kero ya abiria.

Imani ninayoipinga ni kwamba msaidizi huyu anampunguzia dereva kazi. Nasema anamnyang'anya kazi anayoiweza, anampa asiyoiweza.

Shemeji aliponiona nabisha alinirushia funguo. "Nenda nayo Nzega, shemeji. Ukirudi utaninunulia wewe kahawa." Nikaenda. Ni kilomita kama 115 za lami, jua la kiangazi, miombo imepukutika pande zote mbili. Nilipotoka mjini nikaipanga kruzi, na kilomita ishirini za kwanza nilikuwa mtemi. Gari likafuata basi lililo mbele, likapunguza lilipopunguza, usukani ukinisukuma kidogo kila nilipokaribia mstari, kama bibi anayemrekebisha mjukuu kola ya shati. Mguu wangu wa kulia haukuwa na shughuli yoyote.

Baadaye nikagundua kwamba sikumbuki nilivyoipita Puge. Puge nzima, na maduka yake, na matuta yake, na watoto wake wanaouza. Mikono ilikuwa kwenye usukani na macho yalikuwa wazi, lakini mimi sikuwepo. Kilichonirudisha ni baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, mwenyewe anaisukuma kwa miguu, mgongo wake ndiyo taa yake ya nyuma. Nilimpita karibu kuliko nilivyotaka. Gari halikulia. Labda halikumwona, labda lilimwona likaamua hayuko njiani kwetu. Nilikuwa nimegeuzwa msimamizi wa kibarua nisiyejua anaona nini.

Watu husema dereva wa namna hiyo ni mzembe. Hapana. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Kiingereza, Norman Mackworth, alichapisha majaribio yaliyotokana na swali la kijeshi: kwa nini wasoma rada kwenye ndege za doria walikuwa wakizikosa nyambizi za adui zilizoonekana kwenye kioo mbele ya pua zao? Aliwaketisha vijana mbele ya mshale unaozunguka kama wa saa, kwa hatua zilizo sawa, na mara chache mshale huo uliruka hatua mbili. Kazi yao ilikuwa kubonyeza kitufe unaporuka, basi. Nusu saa tu ilitosha uangalifu wao kushuka. Walikuwa vijana wazima, wanajua wanapimwa. Binadamu anaweza kutwanga mahindi mchana kutwa, anaweza kupiga kasia toka Ujiji mpaka ng'ambo, lakini kukodolea macho kitu kinachokwenda sawa, akingoja kiharibike, hakuumbiwa. Waulize walinzi wa usiku walio wakweli.

Mtafiti Lisanne Bainbridge aliliweka jambo hili kwenye makala fupi mwaka 1983, akizungumzia viwanda. Hoja yake ni kwamba ukimwondolea mtu kazi nyepesi unamwachia ile ngumu peke yake, tena ukiwa umemnyima mazoezi. Shemeji yangu anatakiwa akae saa moja na nusu bila kufanya lolote, kisha ndani ya sekunde mbili afanye yote.

Sasa twende kwenye lori, maana hapa ndipo kijiwe kizima kinaponiangusha. Kila anayesafiri magharibi mwa nchi hii analijua. Lori la tumbaku limekatika ekseli, limesimama palepale lilipofia, magurudumu ya kulia yako juu ya lami, giza linaingia. Pembetatu ya kuakisi mwanga haipo. Tingo anaingia porini, anakata matawi, anayapanga barabarani nyuma ya lori, moja hapa, jingine hatua thelathini nyuma, jingine mbali zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza wa Sikonge akiona majani mabichi juu ya lami anajua mbele kuna kitu.

Tawi hilo lina ukoo mrefu hapa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, na ile iliyoendelea Ujiji, ilitanguliwa na kirangozi. Burton, msafiri wa Kiingereza aliyeingia Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, alipitishwa njia ambayo Wanyamwezi walikwishaikanyaga ikawa ngumu kama sakafu. Njia ilipogawanyika, waliotangulia waliifunga ile isiyokwenda kwa tawi, au wakachora mstari mchangani kwa mguu, ili mpagazi wa nyuma kabisa, mwenye frasila mbili begani na jasho machoni, asipotee. Mstari ule ulikuwa na maana kwa sababu aliyeuchora alisimama pale akafikiri. Mstari mweupe wa barabara ya Nzega ulipakwa siku moja na mashine ya rangi, mkandarasi akaenda zake. Haujui kama leo kuna lori.

Kamera haijui kusoma tawi. Na rada? Rada za kruzi kwa kawaida hutengenezwa zipuuze vitu vilivyosimama tuli gari likiwa kwenye mwendo mkubwa, kwa kuwa dunia imejaa vitu vilivyosimama: nguzo, vibao, kingo za madaraja. Zikivihofia vyote, gari litafunga breki kila hatua. Vitabu vinavyokuja na magari vinaonya juu ya hilo, kwa maandishi madogo, na vyetu kwa Kijapani. Januari 2018 huko Culver City, California, gari la Tesla likiendeshwa na mfumo wake lilikuwa likifuata gari jingine. La mbele likahama njia. Kruzi ikaona njia nyeupe, ikaongeza mwendo kuelekea ule uliopangwa, likaenda kuparamia gari la zimamoto lililoegeshwa barabarani kwenye ajali nyingine. Gari la zimamoto lile lilikuwa jekundu, kubwa, taa zinamulika. Kwa bahati hakuumia mtu. Lori letu la tumbaku lina matawi.

Nikifika hapa, kijiweni huwa wananijibu kwamba tatizo ni barabara zetu. Wekeni mistari mipya, ondoeni baiskeli, ng'ombe wafungiwe, halafu uone. Basi tuwaangalie wenye mistari. Taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayoshughulikia usalama barabarani, IIHS, mwaka 2024 ilipima mifumo 14 ya aina hii ikitaka kujua jambo moja: inahakikisha vipi kwamba dereva yuko macho? Mmoja tu ulipata alama ya kukubalika. Wakasema pia hawajaona ushahidi wa kuaminika kwamba mifumo hiyo inazuia ajali. Kuna madereva huko waliokuwa wakibana chungwa kwenye usukani ili gari lidhani mkono upo. (Tabora tungetumia embe, tunazo tangu enzi za misafara.) Hao ni watu wa barabara za njia nne, zisizo na mbuzi.

Nisije nikaitwa mzee wa punda. IIHS haohao wamekuta kwamba breki ya dharura inayojifunga yenyewe inapunguza kama kwa nusu ajali za kumgonga wa mbele yako kwa nyuma. Japani imeifanya lazima kwa aina mpya za magari ya abiria tangu Novemba 2021, na mimi naipigia makofi. Nayo ina upofu wake kwenye mwendo mkubwa. Ila tazama mgawanyo wa kazi: unaendesha wewe, mashine inakaa kimya nyuma ya nembo inakulinda, na mashine haichoki kulinda. Kwenye kruzi ya shemeji mambo yamepinduliwa. Mashine inaendesha, mtu ndiye mlinzi. Ukiniuliza kifaa gani nikisifu na kipi nikikatae, swali langu ni hilo moja tu, nani anamlinda nani. Ndiyo maana kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwenye mabasi, kinacholia basi likizidi kilomita 85 kwa saa, nakiunga mkono, pamoja na ujanja wote wanaokifanyia. Pale mashine inamchunga mtu.

Sasa angalia tunavyofanya sisi. Kile cha kusifiwa tunakiua wenyewe ndani ya mwezi wa kwanza. Gari likishafika tunalifungia ngao ya chuma mbele, kwa ajili ya ng'ombe, na ngao inakaa mbele ya rada. Tunaliinua lisiguse matuta, na kamera iliyopimwa kwa urefu wa Japani inaanza kutazama mawingu ya Urambo. Kokoto ikipasua kioo cha mbele tunaweka kingine, fundi anairudisha kamera kwa gundi, jicho linabaki kengeza, kwa sababu kioo kikibadilishwa kamera inapaswa kupimwa upya na vifaa vya kupimia havipo. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Nilimuuliza fundi mmoja, simtaji, taa hiyo inasema nini. "Usijali, bosi. Hiyo ni ya urembo." Kwa hiyo breki ya dharura imekufa na mwenye gari hajui, huku akiwahutubia watu kijiweni jinsi gari linavyojiendesha.

Wauzaji nao wanajua wanachokifanya. Kwenye tangazo la gari utaona neno usalama limeandikwa mara tatu, na vifaa vyote vimemwagwa kwenye kapu moja, breki, kruzi, mstari, kamera ya nyuma, mifuko ya hewa, kama viungo vya pilau. Mnunuzi hawezi kujua kipi kinamsubiri akosee na kipi kinamsubirisha yeye. Kingetosha kikaratasi kimoja cha Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja, kinachosema: hiki kinalinda, hiki kinastarehesha, hiki ukifunga ngao kinakufa. Tunaandikiwa maelezo ya Kiswahili kwenye pakiti ya sumu ya panya.

Siku ile nilimaliza shughuli Nzega jioni, nikarudi usiku. Kruzi niliizima mapema. Kengele ya mstari niliiacha kwa kuwa vitufe vimeandikwa Kijapani na sikukijua chake. Nilikuwa nimeipita Puge, safari hii nikiwa mwenyewe nimo garini, niliposhtukia mguu umeshatoka kwenye mafuta. Jani. Halafu tawi zima. Halafu jingine, limelazwa katikati ya njia yangu. Nikapunguza mwendo. Mbele, lori giza tupu, na tingo amekaa juu ya tairi la akiba anakula muhogo. Akanyoosha mkono kunionyesha upande wa kupita. Nikazungusha usukani taratibu nikampita, sikuwasha hata indiketa, barabara ilikuwa yetu wawili.

Dashibodi ikalia. Nimevuka mstari.