Haki ya Mtoto si Sadaka

Mume na mke wakiachana, ndoa huvunjika, uzazi hauvunjiki. Hakuna alikanushaye jambo hili kwa maneno, bali wako wengi walikanushao kwa vitendo kila mwisho wa mwezi.

Wazazi waliotengana huuliza: mtu atoe kiasi gani kwa mtoto alelewaye na mwenziwe? Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haikutaja kiwango kimoja kwa watu wote, nasi twaona ilifanya vyema. Sheria ya mwaka 1949 iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi hata ilipofutwa na Sheria hiyo ya Mtoto, wakati fedha hiyo haikufikia bei ya kilo moja ya unga.

Sasa hakimu hupima. Hutazama mapato na mali ya wazazi wote wawili. Kama uwezo wa mlipaji wa kuchuma umepungua. Watoto wengine wanaomtegemea. Gharama za maisha mahali akaapo mtoto. Na haki za mtoto mwenyewe. Mtoto wa Kariakoo na mwenziwe wa kijijini hawali kwa bei moja, wala baba mgonjwa hatozwi kama mzima.

Lakini mizani haipimi haki ikiwa juu yake umewekwa uongo. Mwenye duka au gari la abiria aweza kusimama mahakamani akajifanya fukara. Mfanyakazi naye huonyesha mshahara, akaficha posho na malipo ya saa za ziada. Afanyaye hivyo asidhani amemkomoa mtalaka wake; amemwibia mwanawe chakula na daftari.

Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu. Anayedai matunzo apeleke hesabu ya kweli ya chakula, nyumba, matibabu na shule, wala asiigeuze kuwa kisasi. Anayedaiwa ataje kipato chake chote. Na hali ikibadilika, mtu akiachishwa kazi au bei zikipanda, arudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe. Asijipunguzie mwenyewe kimyakimya.

Sisi wafanyakazi twadai ujira wa haki kwa waajiri wetu, na twadai kwa sauti kubwa. Mtu apokeaye ujira huo, kisha akamnyima mwanawe fungu lake, ana uso gani wa kudai tena?