Kabla Hujabadilisha Nduthi, Fungua Stetimenti Yako

Tukitembelea steji za Umoja, Kayole na Dandora, kuna swali moja ambalo halikosi. Mwendeshaji ambaye bado ni mgeni kwa kazi anatuvuta kando na kutuuliza: "Hii nduthi yangu ni ndogo. Nirudishe nichukue ile kubwa?"

Sisi tunafanya kazi ya malipo kwa simu. Ukiongeza mkopo, malipo yako ya kila siku yatapitia kwetu na hatutapoteza kitu. Hata hivyo maoni yetu ni haya: kama bado unajifunza barabara na deni la kwanza halijaisha, usibadilishe. Maliza deni, logbook ikuje kwa jina lako peke yako, halafu uamue. Na uamuzi huo utoke kwa stetimenti yako, usitoke kwa maneno ya steji.

Hesabu ya kijana wa Umoja

Majuzi tuliketi na kijana mmoja wa Umoja Innercore. Ana miezi kumi barabarani na anaendesha Boxer ya cc 100. Kwa steji yao wengi wana Boxer 150 au TVS HLX 150, na wanamtania kwamba anaendesha cherehani. Muuzaji naye amemwambia alete hiyo ndogo, aongezewe mkopo, na aondoke na mpya siku hiyo hiyo.

Tulitoa kalamu. Kwa nduthi aliyo nayo analipa shilingi 400 kwa siku, na amebakisha siku 160. Hiyo ni shilingi 64,000, kisha yuko huru. Mkopo mpya ungekuwa shilingi 520 kwa siku kwa siku 540, yaani shilingi 280,800. Ukitoa deni la zamani, ambalo lingemezwa ndani ya huo mpya, anaongeza mzigo wa shilingi 216,800.

Muuzaji alimwambia tofauti ni "mia na ishirini tu kwa siku." Kwa siku 160 za kwanza ni kweli. Lakini kuanzia siku ya 161, wakati angekuwa halipi chochote, atakuwa bado anatoa shilingi 520 kila siku, kwa siku zingine 380. Hapo ndipo pesa nyingi zinaenda, na hapo ndipo hakuna mtu alimwonyesha.

Kwa hivyo ukipewa bei ya siku, uliza mara moja: ni siku ngapi, na jumla ni ngapi? Uliza pia ukikosa kulipa siku tatu kwa sababu ya homa, nini kitatokea. Mara nyingi logbook huwa na jina lako na la mkopeshaji hadi umalize. Ukishindwa katikati, nduthi inaweza kuchukuliwa, na ile ndogo uliyokuwa umebakisha kidogo kumiliki ishaenda. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Mteja analipia safari

Kijana alitujibu, "Lakini nikiwa na kubwa nitapata wateja zaidi." Tukamuuliza: mama anayetoka Tena akienda sokoni Mutindwa, huwa anakuuliza injini ni cc ngapi? Akacheka. Mama anauliza bei, anaangalia kama kuna helmeti, na anataka kujua kama utamfikisha salama. Nauli ni ile ile.

Tuseme safari ya mtaani ni shilingi mia. Baada ya siku 160, nduthi mpya inahitaji zaidi ya safari tano kila siku kulipa deni tu, kabla ya mafuta, kabla ya unga. Je, hizo safari tano ziko kwa steji yako saa hii na zinakupita? Hilo si swali la kukisia, maana majibu yako kwa simu.

Tulifungua stetimenti yake ya miezi mitatu. Pesa nyingi ziliingia kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na moja jioni hadi usiku. Mchana ni kukaa tu kivulini. Injini kubwa haiwezi kuleta wateja saa saba mchana kama watu wako kazini. Halafu tukahesabu siku ambazo hakuna nauli iliyoingia. Zilikuwa 11. Siku nne ni mvua na ugonjwa. Siku mbili hakumbuki. Siku tano nduthi ilikuwa kwa fundi, kwa sababu aliahirisha kubadilisha oili na mnyororo. Kwa hivyo kilichompunguzia mapato ni servisi, wala si udogo wa nduthi.

Fanya hivi kwa siku 30

Kwanza, tenganisha pesa. Nauli ipokelewe kwa namba ya till, na pesa za nyumbani na chama zibaki kwa namba yako ya kawaida. Ukichanganya, stetimenti itakuonyesha pesa za shangazi kana kwamba ni nauli.

Pili, lipia mafuta, fundi na deni kutoka kwa hiyo hiyo till. Hivyo kinachoingia na kinachotoka viko mahali pamoja.

Tatu, pima mafuta mwenyewe. Jaza tangi, andika kilomita, fanya kazi yako, kisha jaza tena na ugawanye kilomita kwa lita. Usitegemee ya kuambiwa. Muulize mwenzako wa cc 150 afanye vivyo hivyo kwa njia zile zile, kisha mlinganishe.

Nne, kila ukikataa safari, andika kwa nini. "Mzigo mzito." "Mbali sana." "Nilikuwa nimechoka." "Nduthi ilikuwa kwa fundi." Mwisho wa mwezi hesabu zile ambazo nduthi kubwa pekee ingeziokoa. Kama ni mbili au tatu, una jibu lako.

Kitu cha kuboresha kwanza ni mwendeshaji

Hapa tunasema bila kuficha, kwa sababu ajali inamaliza hesabu zote. Ukienda kilomita 40 kwa saa, unapita karibu mita 11 kila sekunde. Ukienda 60, ni karibu mita 17. Hiyo sekunde moja ndiyo unayotumia kuona matatu ikisimama ghafla Jogoo Road kabla mkono haujafika kwa breki. Na breki zenyewe, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne. Injini yenye nguvu inakufikisha kwa mwendo huo haraka, ila haikupi uzoefu wa kusimama.

Kwa hivyo kama una akiba kidogo, anza na tairi nzuri, breki, na leseni sahihi. Kazi ya bodaboda inahitaji daraja A3, na si ile ya kuendesha pikipiki yako binafsi. Kisha nunua helmeti mbili zinazofunga vizuri, yako na ya mteja. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane zilionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa mwendeshaji aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Kwa bei ya helmeti mbili, hakuna injini inaweza kukupa hiyo.

Kuna wakati wa kubadilisha

Hatusemi ukae na nduthi ndogo milele. Kama kazi yako imehamia mizigo, unabeba kreti kila siku kuelekea Njiru na Ruai, na daftari lako linaonyesha unakataa kazi kila wiki kwa sababu ya uzito, basi nduthi kubwa ni chombo cha kazi. Kama fundi anakula zaidi ya deni jipya litakalokula, pia badilisha. Ukiwa na logbook safi mkononi, unaweza kuuza ile ya kwanza kwa bei yako na kuweka pesa hizo chini, ukope kidogo.

Wengine wanatuuliza kuhusu za umeme, zile za Roam, Ampersand au Spiro. Hesabu ni ile ile, na maswali mawili zaidi. Kituo cha betri kiko umbali gani kutoka steji yako? Na betri ni yako, au unailipia kila ukibadilisha? Kituo kikiwa mbali, muda wa kwenda na kurudi ni safari ulizopoteza.

Bodaboda na pesa za simu zilikua pamoja nchini. M-Pesa ilianza 2007, na mwaka uliofuata serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Vijana wengi wa Eastlands walipata kazi kupitia hivyo viwili. Tungependa wapate na mali pia, na mali ni ile iliyoisha kulipiwa.

Kijana wa Umoja ameamua kumaliza siku zake 160, na badala ya kuongeza deni anaweka shilingi 50 kila siku kwa akiba ya servisi. Wenzake bado wanaiita cherehani. Wewe je? Leo jioni ukishaegesha, omba stetimenti ya miezi mitatu, chukua kalamu, na uhesabu siku ambazo haukupata kitu. Anza na hizo.