Biashara Ndiyo Inayowatoa Shuleni

Imani iliyozoeleka miongoni mwa wapangaji wa elimu, wafadhili na baadhi ya wanasiasa wa Pwani ya Kenya ni kwamba mwanafunzi wa shule ya upili aliye karibu kuacha masomo hurudiwa na hamu ya kusoma akifundishwa ujasiriamali, yaani maarifa ya kubuni biashara, kutafuta mtaji, kutunza hesabu na kukabili hasara. Imani hiyo inapendwa kwa kuwa haimlaumu yeyote wala haigharimu mengi: ukumbi, mkufunzi na vyeti vya kuhudhuria vinatosha. Ikipimwa kwa maisha ya mtaa wa Shella, Malindi, inaonekana imeuchukua ugonjwa ikauita dawa.

Mtoto wa Shella si mgeni wa biashara. Wengi hutumwa kuuza mabuyu, bajia au viazi vya karai kabla hawajafika shule ya upili, na huko hujifunza mteja gani hukopeshwa na yupi huepukwa. Msimu wa kaskazi, watalii wanapojaa ufukweni, huona pia kwamba Kiitaliano cha kuokotaokota hulipa siku hiyo hiyo, ilhali masomo ya darasani hulipa baada ya miaka mingi, kama yatalipa. Mvulana anayepewa tuktuk ya mtu jioni hutenga kwanza hesabu, yaani kiasi anachodai mwenye chombo kila siku, abiria wawepo wasiwepo, kisha hutoa pesa ya petroli, na kinachosalia, kikisalia, ndicho chake. Mvulana huyo hahitaji ubao ili atofautishe mapato na faida. Kinachomvuta nje ya darasa ni noti iliyo mkononi, na somo linalomsifia noti hiyo humthibitishia uamuzi ambao tayari alikuwa anauelekea.

Soko hilo la watalii lina upande mchungu zaidi. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa mwaka 2006 ulifichua jinsi wasichana wadogo walivyoingizwa katika biashara ya ngono Mombasa, Kilifi, Malindi na Kwale, na hapana mwenye akili timamu angesema kwamba kilichowapungukia wasichana wale ni moyo wa kujitafutia.

Sababu za kuacha shule ziko mahali pengine, na kalenda inazionyesha. Serikali imepanga mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma, lakini chakula cha mchana, sare na malimbikizo ya ada hubaki mabegani mwa mzazi. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au Mei, wakati kusi imeshaanza kuvuma, vyombo vidogo vya uvuvi vinashindwa na bahari, na hoteli nyingi zimepunguza wafanyakazi au kufunga kabisa hadi Julai. Mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kufuata karo wiki hizo anamkuta baba hana kazi. Akishika tuktuk kwa muda, muda huo hurefuka, na muhula wa tatu humpita.

Wala wazo la kufundisha biashara shuleni si jipya. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981, uliahidi kwamba masomo ya vitendo na ya biashara yangemwezesha mhitimu kujiajiri. Vijana wakaendelea kutafuta ajira, na sehemu kubwa ya masomo hayo ikapunguzwa katika mageuzi yaliyofuata.

Watetezi watataja Uganda, na wana haki ya kuitaja. Mwaka 2013 wanafunzi wa sekondari nchini humo walipewa mafunzo ya biashara ya wiki tatu, na watafiti waliowafuatilia kwa zaidi ya miaka mitatu walikuta kwamba waliofunzwa walianzisha biashara nyingi zaidi na kupata kipato kikubwa kuliko wenzao. Lakini vijana wale walikuwa wamekwisha kufika madarasa ya juu. Mafunzo yaliwakuta shuleni, hayakuwarudisha. Kutumia matokeo yao kumtibu mtoto wa kidato cha pili aliyeanza kutoroka ni kuhamisha ushahidi kutoka swali moja hadi jingine.

Hata akishawishika, mtoto huyo hana pa kuanzia. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022 na ambayo mkopo wake mdogo kabisa ni shilingi 500, inadai kitambulisho cha taifa, ambacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Kumfundisha kuandika mpango wa biashara asioweza kuukopea ni kumkaribisha kwenye hizo kazi za mkono kwa mkono alizokuwa nazo.

Wafadhili na serikali ya Kaunti ya Kilifi wanaotaka kumbakiza mwanafunzi wa Shella darasani wamlipie malimbikizo na chakula cha mchana kabla ya Mei, na semina ya ujasiriamali ingoje mpaka amalize shule ya upili.