Kifo cha Muliro: Sumu au Maradhi?

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu Mzee Masinde Muliro aanguke na kufariki katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, tarehe 14 Agosti 1992, akirejea kutoka London. Hata hivyo hapa Taveta, kila mazungumzo yanapowafikia waasisi wa FORD, swali ni lile lile: alitiwa sumu au siku zake zilikuwa zimetimia? Wanamageuzi wenzetu hujibu bila kusita kwamba ni sumu. Sisi hatulikubali jibu hilo, wala hatulikubali la wapinzani wao.

Wanaodai sumu wana hoja. Muliro alikuwa mmoja wa sita walioanzisha FORD mwezi Agosti 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umebakiza miezi minne tu. Nchi ilikuwa bado inamlilia Dakta Robert Ouko, ambaye mwili wake ulipatikana umeteketezwa Februari 1990, nasi tukaambiwa huenda alijiua. Na ile tarehe! Askofu Alexander Muge wa Eldoret alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, siku chache baada ya waziri kumtishia hadharani. Nani asingeshuku? Lakini shaka kazi yake ni kufungua upelelezi, si kuufunga.

Wa upande wa pili hutukumbusha kwamba mzee alikuwa na umri wa miaka 70, naye alikuwa ameketi saa nyingi ndani ya ndege. Damu huweza kuganda miguuni ikapanda hadi mapafuni. Moyo nao huweza kusimama ghafula. Ni kweli. Ila linalowezekana bado halijathibitishwa, na hakimu yeyote mwenye akili timamu angewaambia hivyo.

Maiti ya Muliro ilizikwa bila kupasuliwa. Hapo ndipo ukweli ulipopotea. Daktari angeutazama moyo na mapafu, akachukua damu, mkojo, kipande cha ini na vilivyomo tumboni, vikatiwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Sura ya 75 ya Sheria za Kenya ilimpa hakimu mamlaka ya kuchunguza kifo cha namna hiyo, hata kuamuru maiti iliyozikwa ifukuliwe. Serikali ya siku zile, kama haikuwa na hatia, ingekuwa ya kwanza kuudai uchunguzi huo, kwa maana ulikuwa utetezi wake. Mwili wa Ouko ulichunguzwa, na hadithi ya kujiua ikaporomoka: John Troon wa Scotland Yard alisema waziwazi kwamba ni mauaji.

Haya si ya wakubwa peke yao. Vijijini mwetu mtu akifa ghafula, kabla ya matanga kwisha mjane amekwisha kunyoshewa kidole, na waumini wanaosali naye kila Jumapili hawaponi dhambi hiyo. Familia yenye shaka na iende polisi kabla ya mazishi, idai upasuaji na kuhifadhi nakala ya ripoti. Nao wachungaji na makatekista wanaoombwa kuharakisha ibada ya maziko, tunawasihi wakubali kungoja siku mbili tatu.