Akili ya Malishoni na Akili ya Darasani

Mama mmoja, mkaazi wa Isiolo, ameuliza swali ambalo kwa yakini si lake peke yake. Mwanawe humjua ngamia wa jirani kwa unyayo wake mchangani, na mbuzi akipotea, yeye ndiye hutumwa kumtafuta. Darasani, hata hivyo, huwa miongoni mwa wale wa mwisho, na siku hizi akiulizwa jambo lolote, hata la mifugo, hujibu, "Mimi sijui, mimi ni mjinga." Mama auliza: nimwambie kuwa ana akili, au nitakuwa namdanganya?

Hutakuwa umemdanganya, dada yangu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ajabu ni kwamba twaisema methali hii kwa mzaha, kisha matokeo ya mtihani yakitangazwa twaisahau. Mtihani wa KCPE ulidumu tangu 1985 hadi 2023, na kwa miaka mingi nambari moja tu kati ya 500 ilitosha kumfanya mtoto aitwe hodari au aitwe hafai. Mtihani ule ulipima mambo ya maana. Sisi wazazi ndio tulioufanya kipimo cha utu wote wa mtoto.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Gardner, alitoa kitabu akidai kuwa akili si moja bali ni saba, zikiwemo ya lugha, ya hesabu, ya muziki na ya kuwaelewa watu. Baadaye akaongeza ya nane, ile ya kutambua viumbe na mazingira. Wako wataalamu wengi wanaompinga, wakisema hivyo ni vipaji tu. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Hiyo ya nane, Isiolo haikungoja kitabu ili kuijua.

Kule Garbatulla na Merti, wazee wa malisho wa Kiborana, jarsa dedha, hugawa nyanda kwa majira: hapa pa mvua, pale pa kiangazi, na kule pa akiba ya ukame pasipoguswa mpaka hali iwe ngumu. Kuamua siku ya kuifungua akiba hiyo ni kupima nyasi, maji, wingi wa mifugo na haja za wageni waombao malisho, yote kwa pamoja. Tena Waborana wana wajuzi wa kalenda, ayyantu, wahesabuo siku na miezi kwa mwezi na nyota. Mwenye kuyaweza hayo asiitwe mjinga mbele yangu.

Nasi tunao mfano wa karibu zaidi. Aliyeota maneno ya adhana ni Abdullah bin Zayd, lakini Mtume (s.a.w.) alimwamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora kuliko yake. Abdullah hakupungukiwa na kitu.

Sasa mtaala wa umilisi umeleta mikondo mitatu katika sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Ni jambo jema. Ila tayari wapo wazazi wanaoutaja huo wa tatu kama jaa la walioshindwa. Mtihani utakuwa umebadilika, na tusi litabaki lile lile.

Mtoto aliyeamini kuwa ni mjinga huacha kujaribu, na huyu wako ameshaanza kukana hata ayajuayo. Sifa za jumla hazitamtoa hapo, maana atajiuliza moyoni, mbona alama zangu ni hizi? Mtajie ulichokiona: "Jana ulimtambua mbuzi mgonjwa kabla ya babako. Ulijuaje?" Kisha mwache aeleze, usimkatize. Mweleze mwalimu wake pia, apate pa kuanzia.

Wala usimwondolee kitabu kwa hoja kwamba kipaji chake kiko malishoni. Dawa ya mifugo ina maelezo yatakayo kusomwa, na bei ya mnadani yataka hesabu. Baina ya Magharibi na Isha akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Na akikwama, nduguze wasimcheke.